Mshika Shuka

Simu hulia mara mbili, ikakatika:
ndiyo ishara yetu, mimi na zamu ya usiku.
Navaa buibui juu ya dera la kulalia,
natoka Majengo kwa miguu hadi Makadara
na mlinzi hanisaili tena, ananifungulia tu.

Kazi yangu haina jina katika orodha ya mishahara.
Karani huniandika kwenye "mengineyo".
Mimi nashika shuka.
Nanyoosha mikono, shuka inakuwa ukuta,
uso nimeuelekeza dirishani,
na mwanamke aliye upande wa pili
anavua kile sheria ilichosema avue.
Zaidi ya hapo, hata kifungo kimoja, hapana.

Usiku ule walimleta Umazi wa Ngowa,
mfuaji wa nyumba moja kule Kizingo.
Bibi mwenye nyumba amekutwa chini ya ngazi,
bangili sita hazipo,
na kucha za Umazi zilikuwa fupi, safi,
kama za mtu yeyote anayeshinda kwenye sabuni.

Inspekta Mwakio alisimama kizingitini.
"Nina haraka. Nitatazama pembeni."
Daktari Zulekha alikuwa akihesabu vijiti vya pamba,
hakuinua kichwa:
"Mlango una pande mbili, Inspekta.
Wako ni ule wa nje."

Kisha akamsomea fomu. Imeandikwa Kiingereza,
lakini yeye aliisoma kwa Kiswahili, pole pole,
na mimi, nikiwa ukuta, nikaisukuma mbele kwa Kigiriama:
atakukwangua chini ya kucha,
atapitisha kijiti ndani ya shavu,
damu hakimu ameiruhusu, sahihi yake hii hapa,
ukitaka apumzike, sema, atapumzika.
Sasa anakuomba mkono wako wa kulia.

Kimya. Nikadhani hajasikia.
"Miaka kumi na mmoja," Umazi akasema,
"mikono hii inatumwa. Leo ndiyo kwanza inaombwa."
Akautoa.
Baadaye kidogo, kwa sauti ya kikazi kabisa:
"Shuka hii haikusuuzwa. Nasikia sabuni."
Nikajizuia kucheka. Ukuta hauna meno.

Nawaambieni ukweli: sijui kama aliua.
Usiku ule sikuombwa kujua.
Sheria niliyosomewa kwenye semina ya Tononoka,
siku ya soda na biskuti,
haikusema staha ni ya wasio na hatia.
Ilisema *kila mtu*, ikanyamaza hapo,
nami tangu siku ile nazishika pembe mbili
za neno hilo, *kila*, hadi mabega yawake moto.

Alipomaliza kuvaa, kabla ya pingu,
aliniomba shuka. Akaikunja ncha kwa ncha,
akailainisha kwa kiganja,
akanirudishia kwa mikono miwili.

Alfajiri niliteremka chumba cha baridi.
Sikuitwa. Hakuna kifungu kilichonituma.
Bi Rukiya alikuwa juu ya meza ya bati.
Wanawe walitaka azikwe kabla ya adhuhuri,
mahakama ikataka apasuliwe,
wakakutana katikati: palipo na swali tu,
kwingine kote abaki kama alivyoumbwa,
na atakayemshika awe mwanamke.
Mhudumu, mwanamke mnene mwenye mafua, akanipisha.

Nilichukua shuka nyingine
(daktari ni mkali, ushahidi usigusane),
lakini upana ni ule ule.
Nikamfunika hadi kifuani, nikaukunja upindo
kwa namna niliyofundishwa saa mbili kabla.
Lakini kwanza, kabla ya kuitandaza,
niliinusa.
Hii ilikuwa imesuuzwa.